Kuidai dola si kulikana taifa: tujadili kutoka huku Ruvuma

Mwalimu wa Newala

Wakuu, heshima zenu.

Kwenye uzi mmoja wa juzi kuna mchangiaji kaandika kwamba watu wa Mtwara, walipopinga bomba la gesi mwaka 2013, "walitaka kujitenga na taifa". Hakueleza zaidi, na wengi wakamuunga mkono. Nimeshindwa kuliacha lipite. Nafundisha Uraia sekondari, na kila mwaka nawaona vijana wakichanganya mambo matatu: taifa, dola na mamlaka kamili. Mwanafunzi akichanganya anakosa alama. Watu wazima wakichanganya, mwananchi anayeidai serikali yake haki anaitwa msaliti. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nianze na dola, maana ndiyo rahisi kupima. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataja vigezo vinne: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, mwaka 1919 alieleza jambo ambalo yeyote aliyewahi kusimamishwa na doria ya mpakani analielewa bila kusoma: dola ndiyo inayodai peke yake haki ya kutumia nguvu ndani ya eneo lake, na watu wakaikubali haki hiyo. Serikali ni kitu kidogo zaidi ya dola. Awamu inaondoka, nyingine inaingia, lakini madeni, mikataba na mipaka inabaki pale pale.

Taifa ni watu wanaojihesabu kuwa wamoja. Ernest Renan, mwanafikra wa Kifaransa, alisema mwaka 1882 kwamba lugha peke yake haitoshi, wala dini, wala damu. Lazima wawe na kumbukumbu za pamoja na nia ya kuendelea kuishi pamoja. Kwa hiyo taifa laweza kukosa dola, kama Wakurdi waliotawanyika Uturuki, Iraki, Irani na Syria. Na Wasomali, wenye lugha moja na dini moja, wako Somalia, Djibouti, Ethiopia na Kenya.

Mamlaka kamili ni suala la nani mwenye neno la mwisho. Jean Bodin, mwanasheria wa Kifaransa, alilijadili mwaka 1576 akiwa na mfalme kichwani. Vitabu vingi vinataja mikataba ya amani ya Westphalia, huko Ulaya, ya 1648 kama mwanzo wa desturi kwamba dola moja haiingilii mambo ya ndani ya nyingine. Ni simulizi rahisi mno kwa ilivyokuwa kweli, ila inasaidia kukumbuka kwamba mamlaka haya yana pande mbili: ndani, nani anaamua; na nje, nani anakutambua.

Sasa tuje mtoni.

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana mpaka wa maeneo yao upite mto Ruvuma. Walioishi kingoni hawakuulizwa. Wamakonde wakabaki huku na ng'ambo, Wamakua vivyo hivyo, Wayao wakajikuta katika nchi tatu ukihesabu na Malawi ya leo. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Kionga, eneo dogo kusini mwa mdomo wa mto. Wajerumani walilitwaa mwaka 1894. Aprili 1916, vita vya dunia vikiendelea, Wareno wakalichukua, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukathibitisha ni lao. Mvuvi wa Kionga aliweza kubadilishiwa dola mara mbili bila kuhamisha hata uzio wa nyumba yake.

Lakini msidhani kabla ya hapo watu wa huku hawakujua mamlaka kamili ni nini. Kilwa ilikuwa na sultani wake, ilifaidi biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na ilitengeneza sarafu zake yenyewe. Karne nyingi baadaye tukawa na Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekuwa na makao yake kwenye uwanda huu wa Makonde. Mwaka 1890 alimjibu kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, kwa barua ya Kiswahili. Kwa kifupi alimwambia: ukitaka urafiki niko tayari, leo na siku zote, kuwa mtu wako, hapana, mimi ni sultani katika nchi yangu, nawe ni sultani katika yako. Barua ile ningependa isomwe katika kila darasa la siasa nchini, kwa sababu usawa wa watawala wawili, kila mmoja kwake, ndio msingi ambao Umoja wa Mataifa ulikuja kuuandika katika katiba yake mwaka 1945. Machemba alipozidiwa nguvu mwaka 1899 alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Mpaka ambao hakuuchora ndio uliomsitiri.

Kwa hiyo huku kwetu dola ya kisasa ilitangulia, taifa likaja baadaye. Tanganyika kama eneo ilichorwa na wageni. Taifa lilijengwa na watu, na sehemu ya udongo wake imetoka kusini: Vita vya Maji Maji vilianzia kwenye vilima vya Matumbi, Kilwa, mwaka 1905, na makabila ambayo hayakuwahi kuwa na mtawala mmoja yakaingia vitani dhidi ya adui mmoja. Tulishindwa vibaya. Lakini kumbukumbu ya kushindwa pamoja nayo inajenga taifa, na TANU iliijua thamani yake.

Sasa nimrudie yule mchangiaji. Gesi ya Mnazi Bay, huku Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Mwishoni mwa 2012 wananchi waliandamana kupinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, na Januari na Mei 2013 kukawa na vurugu. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaingia mjini. Uchomaji ule siutetei, uliwaumiza majirani zetu wenyewe. Lakini soma madai yao. Walitaka kiwanda cha kuchakata, umeme, bandari ifanye kazi, ajira kwa vijana. Nani alidai bendera? Nani alidai paspoti ya Mtwara? Madai yao yalielekezwa kwa serikali ya nchi yao, na mtu hamdai asiyemtambua.

Na walikuwa na pa kusimamia. Ibara ya 8 ya Katiba inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Azimio namba 1803 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Desemba 1962, linasema mamlaka ya kudumu juu ya maliasili ni haki ya watu na mataifa, itumike kwa maendeleo ya taifa na ustawi wa watu wa dola husika. Bunge letu lenyewe likatunga sheria ya mamlaka ya kudumu juu ya maliasili mwaka 2017. Dola imekabidhiwa kushika. Kuuliza imeshikaje ni kazi ya mwenye mali.

Karibuni.

Nahodha wa Mikindani

Mwalimu, nakubaliana na mengi, ila umepita haraka palipo na mwiba. Mwaka 2015 sheria ya petroli iliwaachia Zanzibar wasimamie mafuta na gesi yao na mapato yabaki kwao, na mwaka 2016 wakatunga sheria yao. Mafuta na gesi yameorodheshwa kwenye mambo ya Muungano! Sisi tuliokaa na visima miaka yote tunapata nini? Halmashauri ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi haukuzidi asilimia 0.3 ya mauzo. Kama wananchi ndio msingi wa mamlaka, kwa nini wananchi wa upande mmoja msingi wao uwe mnene kuliko wa upande mwingine?

Mwalimu wa Newala

Nahodha, swali lako ni zito, nalijibu bila kuzunguka.

Tofauti inatokana na historia ya dola, haihusu nani ana gesi nyingi. Zanzibar ilipata uhuru 10 Desemba 1963 na ikaingia Umoja wa Mataifa mwezi huo huo. Tanganyika ilikuwa na kiti chake tangu 1961. Aprili 1964 dola mbili ziliungana, viti viwili vikawa kimoja. Zanzibar iliingia mezani ikiwa na mamlaka yake, ikakabidhi sehemu na kubakiza sehemu. Ndiyo maana hadi leo mvutano hauishi. Mwaka 1993 ililazimika kujitoa Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano. Mwaka 2010 ikarekebisha katiba yake kutamka kuwa Zanzibar ni nchi. Ukiipima kwa Montevideo, ina watu, eneo na serikali. Kigezo cha nne ndicho kilichokabidhiwa.

Mtwara haikuingia popote ikiwa dola. Ni mkoa, na mkoa huchorwa na kuchorwa upya na serikali. Hata Lindi ilimegwa kuwa mkoa unaojitegemea mwaka 1971, kwa amri ya kiutawala. Kwa sheria, mkoa hauna mamlaka yake uliyobakiza.

Lakini hapa ndipo natofautiana na wanaoishia hapo. Kukosa mamlaka ya kidola hakumnyimi mtu haki ya kugawiwa vizuri. Dola isiyo ya shirikisho inaweza kabisa kuweka kwa sheria kwamba sehemu kubwa zaidi ya mapato ibaki yanakotoka. Ni uamuzi wa Bunge, hauhitaji Mtwara iwe nchi. Kosa la 2013, naona mimi, ni kwamba swali la mgawo lilijibiwa kana kwamba ni swali la mipaka. Ukishamwambia mtu kwamba gesi ni ya Watanzania wote, umemweleza mwenye mali ni nani. Hujamweleza mgawo.

Mstaafu wa Nachingwea

Mwalimu, umenikumbusha mbali. Mimi ni mzee, naandika polepole, vijana mnisamehe.

Unasema dola hupimwa kwa vigezo vinne. Sisi tuliokuwa Nachingwea wakati FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wana kambi yao pale tuliona jambo ambalo vigezo hivyo havilielezi. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, vita vikaanza Septemba 1964. Kwa sheria za dunia, mwenye mamlaka Msumbiji alikuwa Mreno. Alikuwa na balozi, ana kiti Umoja wa Mataifa, ana ndege za kivita. Lakini ng'ambo, Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kulikuwa na maeneo ambayo serikali yake ilikuwa haifiki tena. Huko kulikuwa na shule za FRELIMO, zahanati zao, mashamba yao, maduka yao. Watu waliwatii bila dunia kuwatambua. Nani alikuwa dola pale?

Na sisi tuliowahifadhi, Mreno alisema tunaingilia mambo yake ya ndani. Alitega mabomu, watu wa mpakani walikufa. Hata hivyo sikumbuki mtu wa kijijini kwetu aliyesema tuwafukuze. Walikuwa ndugu zetu.

Mwalimu wa Newala

Shikamoo mzee wangu. Ahsante sana, hilo silipati kwenye kitabu cha kiada.

Ulichokiona ni pengo kati ya pande mbili za mamlaka nilizozitaja. Mreno alikuwa na upande wa nje, kutambuliwa, huku upande wa ndani ukimponyoka. FRELIMO walikuwa na upande wa ndani katika maeneo waliyoyakomboa, bila kutambuliwa kama dola hadi uhuru wa 25 Juni 1975. Somaliland ni mfano wa leo: tangu Mei 1991 ina serikali, uchaguzi, sarafu na polisi, na kwa miaka zaidi ya 30 iliishi bila kiti Umoja wa Mataifa.

Kuhusu kuingilia mambo ya ndani, Tanzania ilijibu kwa hoja ya taifa dhidi ya hoja ya dola. Ureno ilidai Msumbiji ni mkoa wake wa ng'ambo ya bahari. Sisi tulisema watu wa Msumbiji wana haki ya kujiamulia wenyewe, kwa hiyo yale hayakuwa mambo ya ndani ya Ureno kamwe. Azimio namba 1514 la Umoja wa Mataifa la Desemba 1960 lilikuwa upande wetu.

Bint Lindi

Hapo hapo, Mwalimu. Kama watu wa Msumbiji walipata haki ya kujiamulia kwa sababu mpaka uliwekwa na mkoloni bila kuwauliza, kwa nini Wamakonde wasipate haki hiyo hiyo? Kwa nini Afrika ilipiga vita ukoloni ikatunza michoro yake? Naona tulimfukuza mchoraji tukaitundika picha yake ukutani.

Mwalimu wa Newala

Dada, hili ndilo swali gumu kuliko yote ya siasa ya Afrika, na sidhani lina jibu linaloridhisha kila mtu.

Julai 1964 huko Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Nyerere alikuwa mstari wa mbele. Somalia na Morocco walipinga, kila mmoja kwa sababu zake. Hoja ya waliokubali haikuwa kwamba mipaka ni ya haki. Walijua si ya haki. Hofu yao ilikuwa kwamba ukifungua mmoja, hakuna atakayejua pa kufungia: Ruvuma ikihama, Wamasai nao watauliza, Waewe wa Ghana na Togo watauliza, Wachewa watauliza, na kila swali lina bunduki nyuma yake. Vita vya Ogaden vya 1977 na 1978, Somalia ilipojaribu kuwaunganisha Wasomali kwa jeshi, vilionyesha bei yake.

Lakini Nyerere huyo huyo, Aprili 1968, aliifanya Tanzania kuwa nchi ya kwanza Afrika kuitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria. Wengi wanaona alijipinga. Mimi sioni hivyo. Alikuwa anasema dola ipo kwa ajili ya watu, na watu wakishaona hawana usalama ndani yake hadi wanakimbia kuuawa, umoja wa kulazimishwa hauna msingi tena. Biafra ilishindwa Januari 1970, na hoja yake kuhusu usalama wa watu bado haijajibiwa na yeyote. Eritrea mwaka 1993 na Sudan Kusini mwaka 2011 zilipata dola zao, zote baada ya vita virefu na kura ya maoni.

Wamakonde hatujafika huko, wala hatujaomba. Tulichotaka kingoni siku zote ni mpaka unaopitika: kwenda kuzika ng'ambo, kuoa, kuuza samaki na chumvi, kurudi jioni. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720, lililofunguliwa Mei 2010, linatusaidia kuliko bendera mpya. Ubaya ni kwamba liko mbali na wengi wetu wa chini ya mto.

Bint Lindi

Nimekuelewa, ila mpaka unaopitika unapitika pia na wenye bunduki. Oktoba 2020 waasi wa Cabo Delgado walivuka wakaua watu Kitaya, upande wetu. Na Msumbiji ikaita jeshi la Rwanda na la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Julai 2021. Dola inayolindwa na askari wa wengine bado ina mamlaka kamili?

Mwalimu wa Newala

Kisheria ndiyo, kwa kuwa iliwaalika, na aliyealika anaweza kuwaambia waondoke. Jeshi la SADC, ambalo Tanzania nayo ilikuwamo, liliondoka mwaka 2024. Kuomba msaada ni kutumia mamlaka.

Kwa vitendo, hata hivyo, ninakubali wasiwasi wako. Kumbuka kipimo cha Weber. Mji wa Mocímboa da Praia huko Cabo Delgado ulipotekwa Agosti 2020, na wa Palma uliposhambuliwa Machi 2021, dola ilikuwa imeshapoteza dai lake la nguvu katika maeneo hayo. Na tazama kilicho chini ya bahari mbele ya Palma: gesi, kama yetu. Vijana waliona mitambo ikija na vijiji vikihamishwa kabla ya kuona shule na hospitali zikijengwa. Si sababu pekee ya vita vile, kuna dini, kuna siasa za FRELIMO, kuna biashara haramu ya pwani. Lakini dola isipofika kwa watu kwa huduma na kusikilizwa, mwingine anafika kwa bunduki. Ndiyo maana nakasirika nikisikia madai ya 2013 yanaitwa uasi. Watu wa Mtwara waliidai dola yao. Hatari ni siku watakapoacha kuidai.

Mtoto wa Tandahimba

Mimi sina elimu kubwa, nina swali la kawaida. Nimezaliwa huku, baba kazaliwa huku, mama kazaliwa huku. Bibi mzaa baba alikuja kutoka upande wa Mueda, ng'ambo Msumbiji, wakati wa Mreno. Nilipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa niliulizwa maswali mengi, mara useme kabila, mara utaje mto wa kijiji cha bibi. Nikaambiwa nirudi na ushahidi. Mimi ni taifa gani hapo?

Mwalimu wa Newala

Mdogo wangu, pole. Kadi hiyo inaitwa ya taifa, lakini inathibitisha uhusiano wako na dola. Kabila lako halina nafasi hapo. Sheria ya uraia ya 1995 inaangalia ulizaliwa wapi na wazazi wako ni raia wa wapi. Haina kifungu kinachosema Mmakonde ni nusu Msumbiji.

Linalokupata limewapata wenzetu kwa ukali zaidi. Wamakonde walioenda Kenya enzi za ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa waliishi Kwale miongo mingi bila uraia wa popote. Hawakuweza kufungua akaunti ya benki wala kununua ardhi. Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Walikuwa na watu wao, lugha yao, ngoma zao, vinyago vyao. Walichokosa ni dola ya kuwaandika.

Wewe una njia fupi zaidi. Tafuta cheti cha kuzaliwa cha baba, au cha ubatizo kama kipo, cheti chake cha shule ya msingi, na barua ya serikali ya kijiji alikozaliwa. Wakikuuliza mto wa bibi, wajibu kwa heshima, kisha uwaonyeshe karatasi za baba.

Mstaafu wa Nachingwea

Kijana, waliokuja baada ya Mreno kuwapiga watu risasi Mueda, Juni 1960, walipokelewa vijijini huku na wenyeji wanawakumbuka. Tafuta wazee wa kijiji cha baba yako waliobaki, waandike majina yao kwenye hiyo barua ya kijiji na waweke dole gumba. Fanya mapema, tunapungua.

Mtoto wa Tandahimba

Ahsante mzee, ahsante Mwalimu. Mmoja yupo, jirani wa marehemu babu. Jumatatu naenda kwa mtendaji.